Kusoma Laini Si Kushika Mtandao

Saa nne asubuhi Guangyuan Xilu, jijini Guangzhou, huwa imeshachangamka. Mikokoteni iliyosheheni marobota hupishana kwa shida kwenye milango ya soko la Canaan, na ndani, kwenye vibanda vya jinzi, muuzaji na mnunuzi huzungumza kwa kikokotoo: huyu anabonyeza bei, yule anaifuta na kubonyeza yake. Bei ikishakubalika, mfanyabiashara kutoka Kariakoo au Eastleigh huupiga picha mzigo amtumie mteja wake nyumbani, apate kauli yake kabla ya kutoa fedha. Hapo ndipo wengi hukwama. Kadi ya simu ya China imo ndani na simu imeitambua, lakini juu ya kioo pameandikwa "Simu za dharura pekee". Au mtandao upo, ila ni ule wa zamani wa 2G, na picha moja ya suruali inazunguka dakika kumi bila kuondoka.

Mwenye simu hushangaa. Simu si ya mkopo, haijafungwa, na nyumbani inasoma laini zote. Sasa ina nini?

Mshangao huo umezaliwa na imani iliyowagharimu wasafiri wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi: kwamba simu isiyofungwa na kampuni yoyote ni simu ya dunia nzima, kwamba ukishuka kwenye ndege unabadilisha kadi tu na maisha yanaendelea. Imani hiyo si ya kweli. Ilikaribia ukweli enzi za 2G, watu wakaizoea, na kila kizazi kipya cha mtandao kimekuwa kikiibomoa huku wao wakiendelea kuishikilia.

Ilikotoka kunajulikana. Ulaya na Marekani, kampuni za simu ziliwauzia wateja simu kwa bei ya chini na kulirudisha deni kidogo kidogo ndani ya mkataba. Ili mteja asihame nalo, ziliweka kufuli linalokataa kadi za kampuni nyingine. Vita vya kuliondoa kufuli hilo vilikuwa vya haki. Kanada iliwazuia wauzaji kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2017, Uingereza ikafanya hivyo Desemba 2021, na Marekani ilihitaji sheria nzima, iliyosainiwa na Rais Barack Obama Agosti 2014, ili mwenye simu aweze kuifungua bila kuonekana mhalifu.

Afrika Mashariki ilizipokea simu hizo zikiwa mitumba. Zilifika Kariakoo na Luthuli Avenue, Nairobi, zikiwa bado na kufuli, na fundi ndiye aliyezifungua. Hivyo neno "imefunguliwa" likawa muhuri wa ubora. Hadi leo muuzaji huchomeka laini ya Vodacom, akaitoa, akachomeka ya Airtel, vijiti vikapanda, biashara ikaisha. Jaribio hilo ni halali, lakini linajibu swali moja tu: je, simu hii inakubali kadi ya kampuni nyingine? Kuhusu Guangzhou halisemi lolote.

Waliokua na redio nyumbani watalielewa jambo hili upesi. Redio iliyotengenezwa kwa mawimbi ya kati na mafupi haishiki stesheni ya FM hata ukiitilia betri mpya na kuipandisha juu ya mwembe. Hakuna aliyeifunga, ila haikupewa sikio la FM. Simu nayo hutoka kiwandani na masikio yaliyohesabika. Kila kampuni hurusha mtandao wake kwenye masafa iliyopewa na serikali, na masafa hayo yana namba: 3, 8, 20, 28, 41 na nyinginezo. Simu isiyo na namba za kampuni fulani ni kiziwi kwa kampuni hiyo, na uziwi huo haufunguliwi na fundi.

China imelionyesha hili waziwazi. Januari 2009 serikali iligawa leseni za 3G kwa kampuni tatu, kila moja na teknolojia yake. China Unicom ilipata WCDMA, ile iliyotumika Afrika Mashariki na Ulaya. China Telecom ilipata CDMA2000. China Mobile, yenye wateja wengi kuliko wenzake, ilipata TD-SCDMA, teknolojia ya China yenyewe ambayo nje ya nchi hiyo haikupata nafasi. Mfanyabiashara aliyefika Guangyuan Xilu miaka ile na Nokia yake iliyofunguliwa alipata 3G kwa Unicom peke yake. Kwa China Mobile alirudishwa kwenye 2G, na kadi ya China Telecom haikumfaa kwa lolote. Mtu ni yule yule, simu ni ile ile, na aliyeamua hali yake ni kampuni aliyoichagua kaunta, si kufuli.

4G haikulimaliza tatizo. Desemba 2013 China Mobile ilianza na mfumo wa TD-LTE, na mtandao wake ukaegemea sana masafa namba 39, 40 na 41. Namba 3 na 8 nazo hutumika na huwaokoa wageni wengi, lakini simu isiyo na zile tatu humwacha mwenyewe akihangaika ndani ya majengo ya soko yaliyojaa watu. Namba 20, inayobeba 4G katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya, haitumiki huko kwa kazi hiyo.

Chukua Tecno, simu iliyojaa mikononi mwa Waafrika Mashariki. Kampuni mama, Transsion, iko Shenzhen, safari isiyozidi saa moja na ushee kwa treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou. Lakini soko lake kubwa limekuwa Afrika, na simu zake hupangiwa masafa ya nchi zinakokwenda kuuzwa. Baadhi ya matoleo yana namba 40 na 41, mengine hayana, na mnunuzi hawezi kujua kwa kuangalia jina lililoandikwa mgongoni. Kutengenezwa jirani hakuipi simu masikio ya mtandao wa pale.

Kosa la pili limo kwenye sauti. Watu hudhani intaneti ikipita, kupiga simu kutapita pia. Zamani ilikuwa hivyo kwa sababu 2G na 3G zilikuwepo kubeba sauti. Kampuni zinapozima mitandao hiyo, sauti hulazimika kupita ndani ya 4G, na kwa hilo haitoshi simu kuwa na masafa. Kampuni nayo lazima iitambue na kuikubali simu yenyewe. AT&T ya Marekani ilipozima 3G yake Februari 2022, ilikuwa imetoa orodha ya simu itakazozikubali. Wahamiaji waliokwenda na simu nzima kutoka kwao, zisizo na kufuli wala deni, walijikuta nje ya orodha.

Australia ilikwenda mbali zaidi. Telstra na Optus zilianza kuzima 3G tarehe 28 Oktoba 2024, na kanuni za serikali ziliwalazimu waendeshaji wa mitandao kuzizuia simu zisizoweza kupiga namba ya dharura, 000, kupitia 4G. Miongoni mwa zilizozuiwa ni simu zilizonunuliwa nje ya nchi, nyingine zikiwa na intaneti ya kasi hadi siku ya kuzuiwa. Mwenye kuhamia Perth au Melbourne na simu aliyoinunua Mombasa hakuhitaji kuulizwa kama imefunguliwa. Aliulizwa kama inaweza kumwita daktari usiku.

Kisha kuna kadi yenyewe. Kaka aliyeko Marekani humtumia mdogo wake iPhone mpya, imelipiwa yote, haina mkataba. Lakini kuanzia iPhone 14, iliyotoka Septemba 2022, iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu la kadi. Zinategemea laini ya kidijitali inayopakiwa ndani ya simu. Kampuni za China bara ziliendelea kwa miaka kuwauzia wateja wa simu kadi za plastiki tu. Mdogo mtu akifika kaunta Guangzhou na simu ya bei mbaya kuliko zote foleni nzima, ndiye pekee asiye na pa kuchomeka kadi.

Wenye kuamini uhuru wa simu iliyofunguliwa husahau pia kwamba simu inaweza kuwa huru na laini isiwe. China ilianza kudai utambulisho wa kila mnunuzi wa laini tarehe 1 Septemba 2010, na tangu tarehe 1 Desemba 2019 anayesajili laini mpya hutakiwa pia kutambuliwa kwa sura. Mgeni hutoa pasipoti, ukurasa wa picha unanakiliwa, kisha anaitazama kamera mpaka mashine iridhike. Watanzania waliosajili laini kwa alama za vidole tangu mwaka 2019 hawawezi kuuona utaratibu huo kuwa mgeni.

Lakini wapo wanaoukwepa kwa kuazima laini ya mwenzao aliyetangulia, kwa hoja kwamba simu ni yao. Hilo ni jambo la hatari. Sheria ya China ya kupambana na utapeli wa simu na mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2022, inakataza kuuziana, kukodishana na kuazimana kadi za simu kinyume cha taratibu. Na Guangyuan Xilu si mtaa wa kujaribia bahati. Julai 2009 Waafrika waliandamana mbele ya kituo cha polisi cha mtaa huo baada ya mwenzao kuumia akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Mtu ambaye karatasi zake zinaweza kuulizwa wakati wowote hapaswi kutembea na namba ya jina la mtu mwingine mfukoni.

Wako watakaojibu kwamba dawa ni rahisi: iache simu yako nyumbani, ununue nyingine huko huko. Ushauri huo nao ni mbovu. Simu za Android zinazouzwa kwa soko la China bara huja bila huduma za Google, na masafa yake yamepangwa kwa mitandao ya China. Mwenye nayo atakaporudi Mwanza au Kisumu atakutana na tatizo lile lile likiwa limegeuzwa. Isitoshe, simu ya nyumbani ndiyo yenye M-Pesa, benki na majina ya wateja wa miaka kumi. Namba za siri za benki huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani, na laini iliyoachwa kimya muda mrefu hufungwa na kampuni. Kuna na hili: WhatsApp ilifungiwa China mwaka 2017, lakini laini ya Kenya au Tanzania inayotumia huduma ya nje ya nchi hupitisha intaneti yake kwenye mtandao wa nyumbani, na WhatsApp hufunguka. Simu yake mwenyewe, yenye laini mbili, bado ndiyo chombo bora cha msafiri. Kinachopingwa hapa ni kuipakia kwenye begi bila kuiuliza lolote zaidi ya kufuli.

Lawama haiwezi kumwangukia msafiri peke yake. Kwenye maboksi mengi yanayouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, ukubwa wa kamera na betri huandikwa kwa herufi za kuonekana hadi ng'ambo ya barabara, huku masafa yakifichwa kwenye maandishi madogo ya Kiingereza, kama yapo. Muuzaji wa simu ya mtumba hana hata boksi. Anayo sentensi moja, "imefunguliwa, inasoma laini zote", na kwa sentensi hiyo anamuuzia mtu anayesafiri wiki ijayo.

Mamlaka zinaweza kulibadilisha hili, kwa sababu zimewahi kufanya kazi ngumu zaidi. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012. Tanzania ilifanya hivyo tarehe 16 Juni 2016, na kabla ya siku hiyo mamlaka yake ya mawasiliano, TCRA, iliwafundisha watu wa mijini na vijijini kubonyeza *#06# na kuijua namba ya utambulisho wa simu, IMEI, neno ambalo wengi hawakuwahi kulisikia. Nchi iliyomfundisha bibi wa kijijini IMEI haiwezi kusema masafa ni somo zito. Iamuru yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, juu ya kila boksi, na iwatake wauzaji wa mitumba wayataje kabla ya kupokea fedha.

Wakati hilo halijafanyika, kazi inabaki kwa anayesafiri, na ni ya robo saa. Aingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kuhusu simu, aandike namba kamili ya modeli, si jina la tangazo. Atafute masafa ya modeli hiyo, ayalinganishe na ya kampuni za anakokwenda, kisha achague kampuni inayoelewana na simu yake, kwa Guangzhou mara nyingi Unicom. Na atakapofika kaunta, kabla pasipoti haijanakiliwa na kabla hajaitazama kamera, amwombe mhudumu achomeke kadi ya kujaribia. Apige simu moja ya sauti, atume picha moja, na vikipita vyote viwili ndipo atoe fedha.