Ilimba ya Babu na Mashine ya Kunasia Sauti

Wapo wenzetu wanaodai kwamba ilimba ya babu ikisharekodiwa chuma kimoja kimoja na kutiwa katika kompyuta, ili yeyote abonyezaye kinanda aisikie, basi imehifadhiwa. Chombo chenyewe na kiliwe na mchwa. Dai hilo ni la kupingwa.

Katika ilimba kubwa ya Wagogo, kama aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, mna vyuma vinavyochezwa kwa vidole, na vingine visivyoguswa kamwe, ambavyo huitika vyenyewe vya jirani vinapolia. Juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui ili sauti ivume. Fundi, kwa nia njema, hunasa kila chuma peke yake, vingine akivizuia kwa kitambaa, kisha huufuta mvumo akidhani ni uchafu. Huko ni kuwahesabu watu nyumba kwa nyumba, halafu kujigamba kwamba umeiona ngoma!

Hatuikatai mashine. Na inase, lakini vyuma vyote viachwe huru kuitikiana, mvumo usifutwe, na mpigaji aimbe. Ilimba yenyewe apewe mjukuu. Akivunja chuma kimoja, mhunzi atafua kingine.