Mahafali yamenoga Kasulu na Kibondo, lakini walioanza walikuwa wangapi?

Ukipita Kasulu mjini au Kibondo mwishoni mwa Oktoba, huna haja ya kuuliza shule wana nini. Turubai limefungwa uwanjani, spika zinalia tangu asubuhi, na bodaboda zinashusha akina mama waliobeba mashada ya maua ya plastiki. Form four wanaagwa.

Ni kipindi cha pilikapilika kweli kweli. Darasa la nne wanatoka kwenye upimaji wao wa kitaifa, kidato cha pili wanaingia kwenye wa kwao, na kidato cha nne wanahesabu siku kabla ya mtihani wa Novemba. Hapohapo kuna mazoezi ya maabara, mdahalo, mechi ya kuagana, na kwaya na ngoma za kumpokea mgeni rasmi.

Kisha inakuja taarifa ya mkuu wa shule. Makombe ya Umisseta yanatajwa. Waliochaguliwa kwenda kidato cha tano mwaka uliopita wanatajwa. Asilimia ya ufaulu inasomwa kwa sauti ya juu, vigelegele vinapigwa, mgeni rasmi anaahidi mifuko ya saruji.

Namba moja husikika mara chache: hawa wanaohitimu leo, walipoingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi?

Kwa nini namba hiyo ina uzito

Chukua mfano wa hesabu tu. Shule imepokea wanafunzi 180 kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye wanaokaa kwenye mtihani ni 120, na wanaofaulu ni 110. Shule itatangaza ufaulu wa karibu asilimia 92, na haitakuwa imedanganya. Lakini ukiwahesabu wote 180 walioanza, waliofika na kufaulu ni kama asilimia 61.

Hao 60 hawakufeli. Hawakuwepo tu. Na asiyekuwepo haishushi asilimia ya shule.

Neno "kufaulu" nalo ni pana. Mwenye D mbili amepata daraja la nne, naye anahesabiwa amefaulu, sawa na mwenye A saba. Mzazi anayesikia "asilimia 92" anapaswa kuuliza pia: daraja la kwanza hadi la tatu wako wangapi? Huko ndiko wanakotoka wa kwenda kidato cha tano.

Necta iliacha kupanga shule, kazi ikabaki kwa wazazi

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani liliacha utaratibu wa kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Hoja ilikuwa kwamba kushindanisha shule zenye mazingira tofauti hakuna tija.

Kwa shule za kata za Kigoma hoja hiyo ina mantiki. Shule ya kutwa ambayo mtoto anaifikia baada ya kutembea kilomita kadhaa kwenye matope ya masika haiwezi kupimwa kwa rula moja na shule ya bweni ya kulipia. Ila orodha ilipoondoka, kipimo kilichobaki hadharani kwa wazazi wengi ni ile taarifa ya siku ya mahafali. Na taarifa hiyo inaandikwa na shule yenyewe.

Wanaishia wapi?

Ada si jibu tena, angalau kwenye makaratasi. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016, na mwaka 2022 ikapanda hadi kidato cha tano na sita. Sare, madaftari, chakula cha mchana na nauli bado viko mfukoni mwa mzazi.

Halafu kuna shamba. Mvua zinaanza wakati uleule wa mitihani, na mahindi na maharage hayasubiri. Wengine wanaondoka mkoani kabisa kutafuta kibarua. Hilo halikuanza leo: enzi za manamba vijana wa Buha walisafirishwa hadi mashamba ya mkonge Tanga. Tofauti ni kwamba anayeondoka leo ana jina kwenye rejista ya shule, na kuna mtu anapaswa kuuliza yuko wapi.

Wasichana wana sababu ya ziada. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu aliyekatisha masomo, akiwemo aliyepata ujauzito, kurudi shule. Ruhusa ipo. Lakini kurudi kunataka mtu wa kulea mtoto nyumbani, na shule inayomfuata badala ya kungoja aje mwenyewe.

Simu yako inatosha

Huhitaji kusubiri mtu akusomee. Matokeo ya Necta yako mtandaoni, shule kwa shule. Fungua ya kidato cha nne, angalia watahiniwa walikuwa wangapi. Kisha fungua ya kidato cha pili ya shule hiyohiyo, miaka miwili nyuma. Kundi la kidato cha nne 2024, kwa mfano, wengi wao walikuwa kidato cha pili 2022. Linganisha.

Hesabu hii si ya kumshika mtu shati. Wapo waliohama, wapo waliokariri kidato cha pili, wapo waliohamia. Tofauti ya wanafunzi watano au kumi inaelezeka. Ikifika 40, hilo ni swali la kikao cha wazazi.

Na kuna upande mwingine usiosifiwa. Shule iliyopokea 100 na kuwafikisha 95 kwenye chumba cha mtihani imefanya kazi kubwa, hata kama asilimia yake ya ufaulu ni ya kawaida. Kuna mwalimu aliyefuata watoro nyumba kwa nyumba. Huyo hapewi kombe.

Mahafali yaendelee. Keki ikatwe, watoto watunzwe, wamestahili. Ila kabla mgeni rasmi hajapanda gari, mzazi mmoja anyooshe mkono na kuuliza: mwaka ule waliingia wangapi, na wale wasiopo hapa leo wako wapi?