Msomaji, Andika na Ukifurahi

Kuna tabia inayonikera kupita kiasi, nami nimeinyamazia vya kutosha. Mtu anasoma katuni toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, anacheka, anatokwa na machozi, anakwenda kuwasimulia wenziwe kijiweni, na muda wote huo haimjii kumwandikia mchoraji hata neno la ahsante. Lakini toleo likichelewa, au shujaa aliyempenda akiuawa, siku hiyohiyo kalamu inapatikana, na yanayomwagika ni maneno yasiyosemeka mbele ya wakwe. Fadhila ya punda ni mateke!

Sina haja ya kuthibitisha kwamba kushukuru ni wajibu. Sote tumelelewa katika kumcha Mungu, na sote tumefunzwa kuwa asiyewashukuru waja hawezi kumshukuru Muumba. Ninalotaka kukumbusha ni matunda ya barua njema, maana wengi wanadhani barua ya msomaji haina kazi ila kutupwa kapuni.

Tazameni yaliyotokea Marekani. Mwaka 1969 kampuni ya Marvel ilikuwa ikitoa katuni za Silver Surfer, yule msafiri wa angani anayeteleza juu ya ubao wake. Katika toleo la tano, kwenye ukurasa wa wasomaji, ilichapwa barua ya msichana wa California, Wendy Fletcher. Ilikuwa desturi ya majarida yale kuweka jina la mwenye barua pamoja na anwani yake. Upande wa pili wa nchi, kijana Richard Pini, mwanafunzi wa chuo cha MIT, akaisoma barua ile, ikamgusa, akachukua karatasi akamwandikia mwenyewe. Barua ikajibiwa kwa barua. Mwaka 1972 wakaoana.

Mwaka 1978 wawili hao wakaanzisha hadithi ya katuni iitwayo Elfquest. Ni kisa cha watu wadogo wa msituni, wenye masikio yaliyochongoka, wapandao mbwamwitu. Binadamu wanawachomea msitu wao, nao wakiongozwa na kijana Cutter wanavuka jangwa kutafuta pa kuishi. Wendy alichora, Richard akahariri na kusimamia biashara. Mchapishaji wa sehemu ya kwanza hakufika mbali, basi mke na mume wakaunda kampuni yao, WaRP Graphics, jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina yao wenyewe. Safari ya Cutter ilihitimishwa mwaka 2018, miaka 40 tangu ianze. Haya yote, ndugu zangu, yalianza na stempu na bahasha. Msichana yule angesema, “Mimi nani hata niwaandikie wakubwa?” Cutter asingezaliwa.

Nao wasomaji wa Elfquest wametuachia mfano mwingine wa kuigwa. Walijiunga katika vikundi walivyoviita “holt”, jina la maskani ya wale watu wa msituni. Humo wakabuni koo zao, mashujaa wao na mbwamwitu wao. Aliyetamani kisa kiende njia nyingine hakumshika Wendy mkono kumlazimisha achore atakavyo yeye. Aliketi akatunga chake. Huo ndio uungwana, na muungwana ni vitendo.

Sasa linganisheni na mambo ya siku hizi, ila nianze nyuma kidogo. Mwaka 1963 jarida la Fantastic Four, toleo la 20, lilichapa barua ya kijana wa Bayonne, New Jersey, iliyojaa sifa kwa watunzi. Kijana huyo alikuwa George R. R. Martin, ambaye alikuja kuandika riwaya za A Song of Ice and Fire. Kitabu cha tano kilitoka 2011, na tangu hapo wasomaji hawampi nafasi ya kupumua. Wanamwandikia kama tajiri anayemdai kibarua wake: kitabu kiko wapi, mbona unasafiri, mbona unafanya kazi nyingine, usije ukafa kabla hujamaliza! Jamani, ndivyo anavyosemeshwa mtu mzima aliyekustareheshea usiku wako? Kununua kitabu si kumnunua mwandishi. Na yeye alipokuwa msomaji alianza kwa kusifu.

Wengine huleta amri: fulani asife, fulani amwoe fulani, vita viishe. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kama wewe ni abiria, shukuru kwa safari, na ukiona chombo kinavuja mwambie nahodha kwa adabu, lakini usukani mwachie.

Najua yupo atakayenijibu kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumeigeuza kichaka cha kufichia uchoyo wetu. Haikukataza kusifu, ilimwonya mgema. Mbona hatuikumbuki ile isemayo chanda chema huvikwa pete? Mbona tunasahau kwamba mcheza kwao hutuzwa? Mchoraji anakaa peke yake na wino wake usiku kucha, hajui kama kuna aliyecheka. Ukimnyima habari hiyo umemnyima ujira ambao fedha haiwezi kuulipa.

Wala sisemi tusikosoe. Kosoeni! Lakini mkosoaji mwema huanza na salamu, husema alilolipenda, hutaja ukurasa, huonyesha kosa lenyewe, na chini huweka jina lake halali. Ninyi wasomaji wa Kiswahili hamhitaji kufundishwa hayo. Ninyi ni watoto wa watu waliojua kuandika “baada ya salamu, dhumuni la barua hii”, na barua zao zilisomwa kwa sauti ukumbini kwa jinsi zilivyopendeza. Adabu hiyo mmeiweka wapi? Tusi lisilo na jina ni jiwe lililorushwa usiku, na arushaye jiwe usiku anajijua kwamba ni mwoga.

Na hapa siwezi kuacha kusema jingine, maana limenikaa rohoni. Nimechunguza nikaona kwamba mwenye kelele kubwa mara nyingi hata hakununua. Ameazima. Nakala moja inazunguka mtaa mzima mpaka jalada linatoka, kila mmoja ana hukumu yake, na mwenyewe aliyetoa fedha haioni tena. Kuazima si haramu, lakini kutorudisha ni dhuluma, tena dhuluma ya pande mbili: umemdhulumu jirani kitabu chake, na mchoraji umemnyima bei ya nakala ambayo ungeinunua. Watu wanaojichapia wenyewe, kama walivyofanya akina Pini, karatasi ya toleo lijalo wanainunua kwa mauzo ya toleo lililopita. Asiyenunua, asiyerudisha na asiyeshukuru ana haki gani ya kulalamika toleo limechelewa?

Basi leo hii, kabla hamjalala, chukueni katuni mnayoipenda, iwe ya Marekani au ya kijana wa mtaani kwenu anayechora kwa kalamu ya kuazima. Tafuteni anwani yake. Mwandikieni ni ukurasa gani uliowafurahisha, na kwa nini. Mistari mitano inatosha. Na kitabu cha jirani kikiwa chini ya mto wako, kirudishe kesho asubuhi.