Ku shimo, nani anapiga kengele?

Mwisho wa Januari 2026, huko Rubaya, Masisi, udongo uliolowa mvua uliporomoka juu ya wachimbaji. Viongozi wa huko walihesabu zaidi ya 200 waliokufa. Hakuna kengele iliyolia.

Kwenye miji mikubwa, wakichimba njia ya treni chini ya nyumba za watu, wanafunga vipimo ukutani na juu ya ardhi. Vinaangalia ukuta umesogea milimita ngapi, maji yamepanda kiasi gani. Kipimo kikipita mpaka, kengele inalia, kazi inasimama.

Lakini sisi wa Goma tunajua mashine peke yake haitoshi. Nyiragongo inachunguzwa na OVG. Feza ya mradi wa Benki ya Dunia iliisha mwaka 2020, hata intaneti ya kuleta habari za vipimo ikakatika kwa miezi. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka, mji haukuonywa.

Kwa hiyo sisi wa chama hatungoji mashine kwanza. Vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na kamba ya kupima kila asubuhi, vinaonyesha kama ardhi inasogea. Firimbi inatosha kuwa kengele. Kinachokosekana ni haki: mchimbaji akisema "Tutoke!", asipoteze nafasi yake. Leo anayetoka anaitwa mwoga, mwingine anaingia mahali pake. Hapo hata mashine ya bei kali italilia viziwi.

Mama, baba, mvua ikinyesha usiku, asubuhi mumuulize kijana: leo nani ana firimbi?