*TAMKO LA TAWI: MALI YA DAA IWE YA WANAOITOLEA JASHO*



Kila siku magari ya watalii yanapita Karatu kwenda lango la Lodoare. Vijana wetu wanatandika vitanda, wanapika, wanabeba mizigo. Mwisho wa mwezi wanapata mshahara. Faida inapanda gari na kuondoka.

Shambani ni hayo hayo. Dalali anakuja na lumbesa, wakati Sheria ya Vipimo inataka mizani na gunia lisizidi kilo 100. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, bei ilianguka, na aliyebaki na magunia ni mkulima.

*Tunaambiwa tusubiri mwekezaji. Tunakataa.* Mwekezaji karibu, ila hatukubali kuwa vibarua wa kudumu kwenye ardhi ya babu zetu.

Wapo wanaosema ushirika ulishatuibia. Tuwajibu kwa historia. KNCU ya Kilimanjaro, tangu 1933, iliuza kahawa ya wakulima wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu na kuzipa kazi yao mamlaka za mazao, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Ushirika uliugua ulipotolewa mikononi mwa wanachama. Dawa yake ni kuurudisha mikononi mwao.

Huko Mondragón, Hispania, kiwanda kidogo cha majiko cha mwaka 1956 kimezaa kundi kubwa la kampuni ambazo wafanyakazi ndio wamiliki: mtu mmoja, kura moja.

Jirani zetu pia wametuonyesha njia. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi yao ya pamoja mwaka 2011, na leo kulinda msitu kunawaingizia fedha za hewa ukaa. Hati kwanza, biashara baadaye. Basi na utalii wa Eyasi, unaouza utamaduni wa Wahadzabe na Wadatoga, uwe biashara yao. Wasiwe watu wa kupigwa picha tu.

*Tunadai na tutafanya haya:*

1️⃣ Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) ilisimamishwa 2023 ikarejea 2024. Majina ya vikundi vilivyokopeshwa yabandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji.

2️⃣ Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa makundi maalumu. Vikundi vyetu vijisajili kwenye mfumo wa NeST. Madawati ya shule zetu yatengenezwe na mafundi wetu.

3️⃣ Hoteli zinunue mboga, mayai na maziwa hapa hapa, kwa mkataba na kwa mizani.

4️⃣ Mafundi ujenzi, wapishi na waongoza watalii waanzishe vyama vyao chini ya Sheria ya Ushirika ya 2013. Hesabu zikaguliwe na COASCO na kusomwa mbele ya mkutano. Kiongozi atakayekataa kuzisoma aondolewe, hata akiwa mwenzetu wa chama.

Ndugu, hakuna atakayetuletea umiliki kwenye sahani. Kila balozi aandike majina ya walio tayari, kila fani peke yake, ayalete kwenye mkutano wa tawi.

Haba na haba hujaza kibaba. Safari hii kibaba kiwe chetu.

_Kamati ya Utendaji ya Tawi, Daa_
Mfikishie na mwanachama asiye na simu janja.