Kisukuku Kisihamishwe Mahali Pake

Askari anayechimba handaki huutazama udongo kwa jicho la ulinzi. Hujiuliza kama utabomoka, kama utatuamisha maji, na kama utamsitiri yeye na silaha yake. Huo ndio wajibu wake. Lakini sisi tunaona yafaa awe na jicho la pili, kwani ardhi imehifadhi ushahidi ambao ukivurugwa mara moja haurekebishiki tena.

Polisi analifahamu vizuri jambo hili. Mahali pa tukio hapaguswi mpaka papimwe na kuchorwa. Kanuni hiyo hiyo yahusu mifupa ya kale iliyogeuka mawe, yaani visukuku, na kesi moja ya Marekani yatosha kuithibitisha.

Mwaka 1891, karibu na mto Niobrara katika jimbo la Nebraska, Profesa Erwin Barbour alionyeshwa mawe ya ajabu yaliyosokotwa mfano wa parafujo, yakishuka ardhini zaidi ya mita 2. Alidhani kwanza kuwa ni sifongo wakubwa wa majini, kisha akashikilia kuwa ni mimea. Mwaka 1893 Edward Cope wa Marekani na Theodor Fuchs wa Austria walimpinga, wakasema hayo ni mashimo ya wagugunaji, wanyama wa jamii ya panya, yaliyojaa udongo na kugeuka mawe. Ubishi ukadumu miaka mingi.

Kilichoamua shauri hilo si cheo cha msemaji, bali vitu vilivyobaki mahali pake. Mifupa ya biva mdogo wa kale, Palaeocastor, ilikutwa ndani ya mashimo yenyewe. Kisha mwaka 1977 Larry Martin na Debra Bennett walichapisha uchunguzi wao wa kuta za mashimo hayo. Zilikuwa na mikwaruzo iliyolingana na meno ya mbele ya mnyama huyo. Alichimba kwa meno, akizunguka na kushuka, na chini akatengeneza chumba.

Wanyama hao waliishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, wakati nyika za majani zilipokuwa zikipanuka huko. Pasipo na miti ya kujificha, ardhi ndiyo ngome, na shimo hupunguza makali ya jua na ya baridi. Kizazi kwa kizazi, wenye meno na mikono iliyofaa zaidi kwa kuchimba waliokoka na kuzaa, hata mwili ukaumbika kwa kazi hiyo. Fuko wa mashamba yetu, ingawa si ndugu wa karibu wa biva, amefuata njia iyo hiyo: naye huchimba kwa meno.

Hata hivyo ngome hiyo iliingilika. Mnyama mla nyama, Zodiolestes, alikutwa ndani ya shimo mojawapo. Lau mtu angaliichomoa mifupa yake na kuipeleka sokoni, nani angalijua kwamba mla nyama aliingia katika nyumba ya mchimbaji? Mfupa ungalibaki, habari yake ingalipotea.

Nasi tunayo hazina ya namna hiyo. Huko Napak, katika Karamoja, miamba yenye umri wa miaka ipatayo milioni 20 imetoa visukuku vya wanyama wengi, wagugunaji wakiwamo. Askari hupita huko, na polisi wana vituo huko.

Wapo watakaosema kwamba vita haingojei mifupa. Ni kweli, chini ya risasi, askari na achimbe bila kusita. Lakini mahandaki mengi huchimbwa wakati wa mazoezi, na mashimo ya vyoo na misingi ya nyumba huchimbwa kambini katika amani. Hapo hatuoni udhuru.

Kwa hiyo, sururu ikigonga mfupa uliogeuka jiwe, au umbo lisilo la kawaida, kazi isimame mahali hapo. Usiung'oe wala usiusafishe. Weka alama, ufunike, umwarifu kamanda wako, naye apeleke habari kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala. Polisi naye amhoji anayetembeza visukuku kwa kuviuza, amwulize hasa vimetoka wapi.

Tumekabidhiwa kuilinda ardhi hii. Yaliyo chini yake ni sehemu ya amana hiyo.