Mtoto mchanga alazwe chali

Pale mpakani Kobero nawaona watoto wachanga wamelazwa kifudifudi juu ya marobota ya mitumba, mama zao wakihangaika na wateja. Bibi zetu, tangu tukiwa ukimbizini Kigoma nilikosomea, wanashikilia kwamba akilala chali atapaliwa na maziwa. Kwa heshima zote, nawapinga. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula; akicheua, maziwa hurudi tumboni. Marekani madaktari walianza kuhimiza hivyo mwaka 1992, na katika miaka kumi hivi vifo vya ghafla usingizini vikapungua karibu nusu. Mama mfanyabiashara, tandika mkeka mahali pagumu, tambarare, bila mto wala nguo karibu na uso. Kifudifudi ni akiwa macho, nawe unamtazama.